Alama Saba za Kuuliza

Leo nimemsahihisha mwalimu wangu kwa rangi nyekundu, na sijui ujasiri niliutoa wapi.

Najifunza Kijapani hapa Ntinda kwa sababu nauza spea za magari. Asubuhi Sensei, ndivyo tunavyomwita mwalimu wetu Mjapani, alinirudishia barua niliyomwandikia muuzaji wa Yokohama.

Alama zangu zote saba za kuuliza amezikata.

"Barua rasmi haizihitaji," akasema. "Kwa Kijapani, neno la mwisho la sentensi tayari linauliza."

Darasa zima likacheka.

Saa nane niko dukani Kisugu, ujumbe wa Sensei ukaingia, kwa Kijapani: zile chapati ulizotuletea unanunua wapi?

Mwishoni kaweka alama za kuuliza. Tatu.

Nikapiga picha ya skrini, nikazikata zote kwa rangi nyekundu, nikamrudishia. Semeni ukweli, nyinyi mngethubutu?

Akasoma. Dakika kumi nzima nikajua nimeshafukuzwa darasani.

Halafu akajibu: "Hizo tunawawekea marafiki."

Basi barua ya Yokohama imeenda bila hata alama moja.

Zote saba nimemtumia Sensei.