Fundi na Vidonge Vinne

Kitanda cha magurudumu kilipoingia wodi ya moyo, fundi cherehani alikuwa bado anaapa kwamba ni malaria. Kwa miezi miwili alijitibu kwa ustadi wake mwenyewe: homa ikipanda, ananunua vidonge vinne vya kuua vijidudu, ikishuka, anaacha. Dozi kamili aliiona ni ya watu wasio na kazi.

"Jino la hapa uling'olewa lini?" daktari akamuuliza, akimchungulia kinywani.

"Kabla ya homa kidogo. Lakini daktari, mimi naumwa mwili, si meno."

"Ulimwambia mng'oaji kwamba ulizaliwa na tundu moyoni?"

"Lilizibwa utotoni. Mambo ya kale hayo."

Mkewe akaguna. "Kitambaa kikipungua nusu inchi, mtaa mzima unajua. La moyo, kimya."

Daktari akaeleza: vijidudu vilitoka kwenye fizi, vikapita kwenye damu, vikajenga kichuguu kwenye valvu, kilango cha moyo ule uliozibwa tundu. Vile vidonge vinne vinne vilivilaza usingizi tu, ndiyo maana vipimo vya kwanza vya damu havikuona kitu. Sasa ni sindano za mshipa, wiki sita. Akikatiza, valvu itaoza. Na hapo ni kisu au kaburi.

Wiki ya pili homa ikatoweka, kiburi kikarudi. Mwalimu mkuu, aliyekuwa anastaafu Ijumaa, akaja kumjulia hali.

"Pole sana, fundi. Tunakuombea. Koti langu limefika wapi?"

"Limebaki mikono tu, mwalimu."

"Mwezi wa tatu huu limebaki mikono tu."

"Kesho."

Mgeni alipotoka, fundi akapapasa chini ya kitanda.

"Mama watoto, suruali yangu iko wapi?"

"Nimeipeleka kwa fundi, ipunguzwe kiuno. Umekonda."

"Fundi gani?"

"Wa mtaa wa pili. Amesema kesho."

Mtu hatoroki hospitali na shuka kiunoni. Fundi akalala chali, akamnyooshea muuguzi mkono. Kesho hiyo ilichukua wiki nne.

Siku ya kuruhusiwa, mwalimu mkuu, aliyekwisha kustaafu kwa koti la kuazima, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje.

"Tunakwenda dukani kwako?"

"Naanzia chumba cha meno. Nina kadi ya daktari kuhusu moyo wangu, niwaonyeshe kabla hawajanigusa fizi."

"Na koti?"

Fundi akaitoa kadi mfukoni.

"Sijui litakwisha lini, mwalimu."

Mwalimu alibaki pale pale kwenye benchi. Miaka yote hiyo, hakuwahi kuambiwa ukweli na fundi. Fundi alikwisha kukata kona, kadi mkononi.