Avoka ya Mama Débora

Mama Claire njo alileta ile habari ku pompi, wakati tulikuwa tunapanga mabido ya maji. Alisema Mama Débora alisha kupata avoka, mutu wa sheria, na mutu hatafutake avoka bure. Anaenda Canada.

“Atatuacha hapa na mihogo,” alisema. “Mutaona. Siku moja tutaamuka, mulango yake iko na kufuli, na yeye eko mu ndege anakula kuku.”

“Ndege gani itamubeba?” mama mwingine akajibu. “Ananuka chisense mupaka ku nywele. Batamushusha njiani.”

Bakacheka. Plamedie wangu alikuwa ku mugongo, naye akacheka bila kujua sababu. Kufika magaribi, kambi yote ya bakimbizi ya Mantapala ilikuwa inamuita Mama Canada.

Ukweli ilikuwa ingine, na miye niliijua, juu jiko yake na jiko yangu iko mu lupango moja, uwanja moja. Tulitoka muji moja kule ngambo ya ziwa Mweru, ku inchi yetu, karibu na Kilwa ya kule, na tuliingia Zambia pamoja. Ni mama murefu, mwembamba, anatembea kama mutu mwenye anachelewa hata wakati anaenda kulala. Analima mihogo na karanga. Kiangazi anasukuma baiskeli mupaka Kabuta kule ku ziwa na anarudia na chisense, ile samaki midogo kama vidole ya mutoto, yenye banaanikaka ku muchanga. Hakujaka kuomba chumvi kwangu hata siku moja. Akikosa chumvi, anakula bila chumvi na ananiambia kama njo vile anapenda.

Shida ilianza na binti yake ya kwanza, Débora. Binti alipeleka mufuko ya chisense ku soko ya Kashikishi bila karatasi ya kutokea kambi. Bakamusimamisha ku barabara. Hiyo peke yake si kintu. Batu mingi banasimamishwa, banagombezwa, banarudia nyumbani. Lakini ile siku mukubwa ya biro ya bakimbizi kule Kashikishi alifungua mashini, akaangalia majina ya familia yote, akaita mama.

“Débora alizaliwa mwezi gani?”

“Ya pili.”

“Na huyu Méschac, kijana yako?”

“Ya saba.”

“Mwaka moja?”

“Mwaka moja.”

Ule mukubwa aliweka kalamu chini, akamuangalia. “Mama,” alisema, “unazalaka kama kuku?”

Hakuwa mutu mubaya. Alisema tu: moja kati ya bale batoto si yake, na kama Débora si mutoto ya ile familia, basi hakuna mwenye anajua aliingia Zambia na nani. Binti akuje kila Jumatatu kujionyesha, na mama atafute avoka wa kueleza ile mambo. Kama haielezwe, Débora atarudishwa ngambo. Ngambo kwa nani? Nyumba yetu kule iliungua, na batu yetu benye balibaki beko chini ya udongo.

Miye nilijua jibu. Siye bote ya ule muji tulijua. Sidonie, mudogo ya Mama Débora, njo alizala Débora, na alikufa mbele mutoto hajajua kukaa. Nilikuwa mutoto mudogo, lakini mupaka leo naona vile Mama Débora alitoka ku kilio: mutoto ya mudogo yake ku mugongo, na Méschac mu tumbo mbele. Alinyonyesha bote wawili. Kwetu mutoto ya mudogo yako ni mutoto yako, hakuna neno ingine ya kumuita. Batu balianza kumuita Mama Débora mbele yeye mwenyewe hajazala. Basi wakati tulifika ku mupaka na bakamuuliza batoto yake ni bagani, alionyesha bote. Hakuona kama anadanganya. Hata miye, mwenye nilikuwa nyuma yake mu foleni, sikuona.

Na Débora hajui; ile siku ya maulizo balimungojesha inje. Hakuna mutu alimuambiaka. Kwetu, kumuambia mutoto “mama yako ni mwingine” na mwenye alimulea na kumukomalisha eko muzima, ni kumufungulia mulango atoke.

Kutafuta avoka, hapo njo nguvu yetu ilianza kuisha.

Kuko avoka wa bure mwenye shirika moja inamuletaka mu kambi, anakaa mu hema na kiti ya plastiki. Jina yake ni Ba Nkandu, binti ya Mansa, hajafika hata myaka makumi tatu, viatu yake inajaa vumbi. Tulienda. Mama Débora alieleza vile bananyanyasa binti yake. Ba Nkandu akasikia mupaka mwisho, akauliza kwa Kibemba, yenye siye bote tunasikia: “Mama, Débora alizaliwa fasi gani? Nani alikusaidia kuzala?”

Mama Débora akasimama. Akatengeneza kitenge yake, akaaga kwa heshima, tukatoka.

“Huyu hajui kazi,” aliniambia njiani. “Weye, wakati bwana yako alituma shibukombe kuomba ndoa kwenu, ule shibukombe alimuuliza mambo ya ndani ya nyumba yao?”

“Hapana.”

“Alisema nini?”

“Alisema bwana ni mutu ya kazi.”

“Na ni mutu ya kazi?”

Nilifunga mutoto upya ku mugongo. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya biro. “Unaona. Mutu wa kukusemea anabeba sifa yako, analeta jibu. Mwenye anachimba mu nyumba yako ni polisi.”

Njo vile alichagua avoka: kama mutu anachagua mushenga. Alitaka mutu muzima, mwenye sauti, mwenye si ndugu, mwenye anajua kusalimia bakubwa. Papa Fabien, mwenye anavukishaka samaki na boti yake ya moteri, alimutajia Ba Mubanga wa Kashikishi. Hakuna harusi kule yenye Ba Mubanga hakusema. Koti yake ni nyeusi, na anakohoa kidogo mbele ya kusema, mupaka batu bananyamaza benyewe.

Tulimukuta nyuma ya soko. Hakuuliza kintu. Alisikia maneno mbili tatu, akafunga macho, akasema: “Mama, hii ni mambo midogo. Niachie.”

“Unaona?” Mama Débora aliniambia kwa sauti ya chini.

Alimupa chisense yote ya ule mwezi na pesa yenye alikuwa anawekea mabati ya nyumba. Nilitaka kusema kintu. Lakini miye ni mudogo kwake, na sikujua avoka anafananaka na nini. Nilipangusa mutoto kamasi.

Jumatatu Ba Mubanga aliingia mu biro mbele yetu. Alikohoa. Alisalimia ule mukubwa, na baba ya ule mukubwa, na chifu, na muji. Alisema huyu mama ni mama wa heshima, ziwa haitenganishe batu, damu ni moja. Ilikuwa muzuri kabisa. Hata mulinzi alisogea karibu.

“Asante,” mukubwa akasema. “Na hawa batoto wawili ya mwaka moja?”

Ba Mubanga hakutingizika. “Bapacha,” alisema.

“Bapacha?”

“Bapacha. Moja alichelewa.”

Mukubwa alitoa miwani. Alicheka mupaka akapangusa macho, na mulinzi akatoka inje juu ya kucheka. Débora alikuwa anaangalia chini. Kisha mukubwa akavaa miwani tena, na hakuwa anacheka.

“Uko avoka?” aliuliza Ba Mubanga.

“Niko mutu ya kusema.”

“Basi umesema. Na nimeandika. Mama, mbele ulikuwa na uongo moja, sasa uko nazo mbili. Jumatatu ya mwisho ya mwezi nafunga hii dosie. Kuja na avoka wa kweli, ao kuja na muzigo ya binti.”

Inje, Ba Mubanga alisema ule mukubwa hakukomalishwa muzuri. Akaenda. Chisense haikurudi.

Tulirudia na gari ya mizigo, tumekaa juu ya mifuko ya mbolea. Nyumbani tukakuta batu batano ku mulango: Papa Sébastien, mulimaji wa ku mutaa ya nyuma, na familia yake. Balisikia kama Mama Canada anatoka kwa avoka, bakaleta majina yao aweke ku listi.

“Listi gani?” aliuliza.

“Usitufiche, mama. Siye tunaomba kidogo tu. Hata kama ni Australia.”

Aliingia ndani, akafunga mulango. Papa Sébastien akaniangalia miye. “Unaona? Mutu akipata, anabadilika.”

Kurudia kwa Ba Nkandu haikuwa rahisi. Ile juma hakukuja. Gari yao iliharibika. Juma yenye ilifuata alikuja, lakini foleni ilikuwa ndefu, na wakati tulifika karibu na hema mulinzi akasema saa ya bamama ya mimba, bengine barudi. Simu ya Ba Nkandu ilikuwa inaita, hakuna mwenye anakamata. Débora alienda kujionyesha Jumatatu moja, akaenda ingine, akarudi kila mara amenyamaza zaidi. Mama yake alianza kugombeza kila kintu: kuni, mbuzi ya jirani, mvua yenye ilikuwa haijanyesha. Siku moja aligombeza Plamedie juu alimwanga maji, kisha akamubeba, akazunguka naye lupango yote mupaka mutoto akalala.

Mwisho tulimupata. Ba Nkandu alimukumbuka. Hakumuuliza juu ya nini alitoka mara ya kwanza. Mama Débora naye hakuomba samahani. Alianza na sifa, kama Ba Mubanga, kama yeye ni mama wa heshima.

“Mama,” Ba Nkandu akamukata, “miye si shibukombe.”

Alivuta kiti yake karibu.

“Shibukombe anabeba maneno yenye unamupa. Miye nitaulizwa yenye hukunipa. Ukinificha kintu, batanikamata nayo mbele yako, na binti atapanda boti. Njo kusema, chagua. Unichukue na yote, ao uniache.”

Mukono ya Mama Débora ilikuwa inavuta uzi ya kitenge, inavuta, mupaka pindo ikaanza kufunguka. Halafu akasema jina ya Sidonie. Tangu tulivuka ziwa, hakuitajaka.

Alisema yote. Ba Nkandu hakushangaa. Alisema kukomalisha mutoto ya mudogo yako si kosa. Sheria iko na fasi ya mutoto wa vile. Yenye inamufukuza binti ni ule uongo ya tumbo moja ya batoto wawili. Kama mama angesema hii yote mara ya kwanza mu hii hema, angekuwa alisha kuandika. Sasa inaomba mutu mwingine mwenye aliona na macho yake, akuje kuapa.

“Miye niliona,” nilisema. Sikujua kama nitasema.

Ba Nkandu aliniangalia miye na mutoto. “Ulikuwa na myaka ngapi?”

“Midogo. Lakini niliona.”

Akaandika jina yangu. Kisha akasema yenye hatukungojea. Débora si mutoto tena. Mukubwa ya biro atamuuliza yeye mwenyewe, na atakuwa mu kile chumba wakati miye naapa. “Asisikie kule mara ya kwanza,” alisema. “Mumuambie nyumbani, mbele ya Jumatatu.”

“Huwezi kumutosha inje kidogo?” Mama Débora aliuliza. “Atumwe maji, ao nini?”

“Hapana, mama.”

“Hata kidogo?”

“Hapana.”

Tulirudia kwa miguu. Ku pompi Mama Claire alitupigia kelele: “Mama Canada, ndege ni lini?” Mama Débora alipita tu. Zamani, jibu yake ingechoma ile pompi.

Kisha siku ya posho ikafika, Jumamosi, mbele ya ile Jumatatu ya mwisho. Magaribi Débora alikaa chini ya dari ya jiko yetu, anatengeneza nywele ya Plamedie, anamuimbia wimbo moja ya kwaya yao. Anafanana na Sidonie ku shingo. Sikupenda kuangalia. Mama yake alikuwa anachambua mihogo ileile yenye alisha kuchambua, anatupa yenye si mubaya.

“Débora,” alisema, “kamata bido, wende ku pompi.”

“Mama, maji iko.”

“Wende, mama yangu. Wende.”

Binti akaweka Plamedie mu mikono yangu na akaenda. Mama Débora alingoja mupaka binti alipita nyumba ya Papa Sébastien. Halafu akakaa karibu na miye, chini, fasi Débora alikuwa amekaa.

“Akirudia, umuambie,” alisema. “Miye nilijaribu jana, nilijaribu asubui. Kinywa inafunguka, inatoka mambo ya kuni. Weye njo utakuwa shibukombe yangu kwa huyu mutoto. Nitakuwa ndani, nitasikia.”

“Na akilia?”

“Atalia. Umuache alie.” Alikamata kiguu ya Plamedie, akaipangusa vumbi na kidole. “Kintu moja. Ku biro bananiita Brigitte. Avoka naye ananiita Brigitte. Weye, wakati unamuambia, kila fasi yenye utanitaja, uniite Mama Débora.”