Maporomoko ya Mutuini

Nimeishi Mutuini miaka sita, na karibu miaka hiyo yote mama mkwe wangu ameniona mwongo. Kisa ni maji. Nyuma ya nyumba tunayopanga, ukiteremka kando ya shamba la nyasi za napia, kuna mwamba mrefu kuliko mlango. Mvua ikinyesha vizuri, kijito huruka juu yake na kuanguka kwa kelele. Mvua ikikatika, na maji nayo yanakatika. Mama alipokuja mara ya kwanza nilijigamba kwamba kwetu kuna maporomoko. Tukashuka, yeye na viatu vyake vya kanisa, tukakuta mwamba mkavu na mbuzi amelala juu yake. Ulikuwa mwezi wa nane. Desemba tukarudi, na hata mbuzi hakuwepo. Tangu hapo nikimwambia chai imeiva, anafunua sufuria aone mwenyewe.

Iliniuma, sitaficha. Nilitaka anipende, au angalau aniamini, lakini vitu kama hivyo huwezi kumwomba mtu.

Mwaka jana, Aprili, ilinyesha wiki nzima. Ijumaa jioni nilirudi kutoka kazini Hurlingham, viatu mkononi, nikasikia ngurumo huko nyuma. Nikashuka mbio. Maji yalikuwa yanaanguka kweli kweli! Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi na simu yangu ilikuwa inakata roho, kwa hivyo sikujaribu hata kupiga picha. Nikaandika haraka: "Mama, maporomoko yamefika nyuma ya nyumba. Njoo ujionee." Ujumbe ukaenda, simu ikazima. Nikalala nikitabasamu.

Sasa, mtu anayesikiliza redio msimu wa mvua, ukimwambia maporomoko, hawazi maji. Anawaza kilima kimeshuka, nyumba zimefunikwa, watu wanachimbuliwa. Ningeongeza neno moja tu, "ya maji", na sikuliongeza.

Jumamosi saa moja asubuhi boda boda ikasimama kwa geti. Mama akashuka akiwa na gambuti, blanketi mbili na jembe lililofungwa kwa gunia. Alikuwa amepanda basi la usiku kutoka Kakamega. Aliangalia nyumba, kisha akaniangalia mimi, mswaki mdomoni.

"Nyumba si iko?" akauliza.

"Iko, Mama."

"Na udongo?"

"Udongo gani?"

Akanionyesha simu yake. Nikasoma maneno yangu mwenyewe na nikatamani ardhi ipasuke inimeze, ingawa siku hiyo hata hayo hayakuwa maneno ya kusema mbele yake. Nikaeleza, nikaomba msamaha, nikaeleza tena. Aliegemeza jembe ukutani, akasema, "Haya, twende nione hayo maji yako."

Mume wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku na alikuwa anakoroma. Tukamwacha.

Huko chini Mama akaingia majini na gambuti zake mpaka karibu na mwamba, akakinga mikono miwili, akanawa uso.

"Kumbe iko," akasema. "Ni kadogo, lakini iko. Hukuwa unanidanganya."

Nilifurahi mpaka macho yakaniwasha. Na kwa sababu sijui kunyamaza, nikaanza tena kuomba msamaha, kwa safari ya bure, kwa blanketi, kwa kila kitu.

"Nilikupigia njia yote," akanikatiza. "Naambiwa hupatikani."

"Ilizima, Mama. Lakini kijana wako, yake ilikuwa na chaji. Yeye alikwambia nini?"

Akageuka kuniangalia, maji yakimtiririka kidevuni. Ilionekana swali hilo halikuwa limemjia hata kidogo, tangu Kakamega mpaka hapo.

"Huyo sikumkumbuka," akasema. "Nilikuwa natafuta wewe."