Jibu Nililolipeleka Sebuleni

Mimi ni mshonaji. Miaka ishirini na kitu nimekaa barazani kwangu Chumbageni na cherehani yangu, na kazi hii imenifunza watu, au ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya. Mteja anakuja na kitambaa, anasema anataka dera pana, lisimbane popote. Namtazama mara moja tu, najua anataka limkae. Namshonea la kumkaa, analijaribu, anajigeuza mbele ya kioo, anacheka, nami najiona bingwa. Katika familia ikawa hivyohivyo. Ukitaka kujua nani kanuna na kwa nini, nenda kwa shangazi. Nilipenda kufuatwa, siwezi kusema uongo.

Basi ilipokuja posa ya binti wa mdogo wangu, nikaitwa. Kwetu baba hamwulizi binti yake jambo hilo ana kwa ana, hutumwa shangazi. Binti naye hajibu. Akinyamaza, amekubali. Asiyetaka ndiye hufungua mdomo, au huangua kilio, au huinuka akaenda zake. Na huyu nilimfundisha mimi mwenyewe tangu alipobalehe, kwamba mwanamwali hasemi "namtaka" mbele ya mkubwa wake. Ni kukosa haya.

Kijana alikuwa wa Pangani, fundi wa umeme, mtoto wa watu. Barua ilikuja imefungwa kwenye leso nyeupe. Wazee walioileta wakapewa kahawa, wakaambiwa wasubiri jibu.

Nilimkuta binti uani, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Akaniamkia, nikaitikia, nikaingia moja kwa moja kwenye lililonileta.

"Umeletewa posa na yule kijana wa Pangani. Wasemaje?"

Hakusema. Aliinamisha kichwa akaendelea kukuna, haraka haraka, mpaka nyama yote ikaisha akawa anakwangua kifuu. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikangoja kidogo.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilipokuwa na umri wake niliulizwa hivyohivyo, kijijini Tongoni, na shangazi yangu. Nilinyamaza kwa woga, yule mwanamume simtaki hata kumwona. Shangazi akatoka akapiga kigelegele. Ndoa ile ilinila miaka kumi na miwili kabla sijaachwa nikapumua. Sasa nilipoiona mikono ya yule mtoto ikitetemeka, nilijua. Sikusema moyoni kwamba huenda hataki. Nilijua hataki, na nikaapa kwamba huyu hawatamtia nilimotiwa mimi.

Nikaenda sebuleni kwa mdogo wangu.

"Hataki."

"Kasema?"

"Hakusema. Miye nimemwona."

"Lakini dada, si kanyamaza?"

"Nimekwambia hataki. Mtoto huyu namjua kuliko weye."

Akaniamini. Wazee wa Pangani wakajibiwa kwa upole kwamba mtoto bado hajawa tayari, na leso yao wakarudishiwa. Usiku ule nililala usingizi mzuri sana.

Miezi iliyofuata binti alikonda. Nililiona hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni mimi niliyempunguzia magauni yake mawili. Nikasema ni kazi, maana anasimama kutwa kwenye duka la dawa. Kwa baba yake akawa mkavu. Anaandaa chakula anaondoka, akiulizwa anajibu neno moja. Mdogo wangu akaja kunilalamikia. Nikamwambia wasichana wa siku hizi wameharibiwa na simu.

Karibu na Ramadhani mteja mmoja akaniletea vitambaa vya sare za harusi ya Pangani. Tukizungumza, nikagundua bwana harusi ni yuleyule fundi wa umeme. Binti alipopita kwangu jioni, nikamwonyesha, tena kwa furaha.

"Waona? Ungekuwa weye humo. Umepona."

Akakishika kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakirudisha mezani.

"Shangazi, nilikuwa namtaka."

"Mbona ulinyamaza?"

"Sasa nilitakiwa niseme nini? Si weye uliyenifundisha? Barua ile miye ndiye niliyemwambia ailete. Siku uliyoniuliza nilifurahi mpaka mikono ikanishinda. Baba akaikataa. Mpaka leo siwezi kumtazama usoni."

Ningeweza kunyamaza. Nakiri kwamba wazo hilo lilinijia. Mdogo wangu alikwisha kubeba lawama hiyo miezi minane bila kujua, angeendelea tu kuibeba. Lakini nilimtazama yule mtoto nikashindwa.

"Baba yako hakukataa," nikamwambia. "Alitaka kukubali. Miye ndiye niliyemwambia hutaki."

Hakulia wala hakunitukana. Alichukua mkoba wake akaenda kwa baba yake. Walikaa muda mrefu, wifi yangu aliniambia, ila waliyozungumza hakuniambia. Mimi nilibaki na aibu ambayo sikuwa nayo hata siku niliyopewa talaka. Nilikuwa nimeutazama moyo wangu mwenyewe, wa Tongoni, nikaupeleka sebuleni nikisema ni wa mtoto wa watu.

Mwaka huu ikaja posa nyingine, ya hapahapa mjini. Mdogo wangu hakutaka kunivunjia heshima, akaniita kama desturi. Nilimkuta binti chumbani anapiga pasi. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani.

"Mwanangu, safari hii sitaki kimya. Nambie kwa mdomo wako, wataka au hutaki, nami nitalifikisha vivyo hivyo."

Akazima pasi. Akaniangalia, kwa adabu zake zote.

"Shangazi, namwomba Baba amtume mtu mwingine."

Nikatoka, nikamwambia mdogo wangu maneno hayo kama yalivyosemwa. Sikuongeza langu.