Nishani ya Tatu ya Mpiga Tarumbeta

Mjomba hakuwahi kutoa sarafu mfukoni bila kwanza kuisimamisha baina ya vidole viwili, akaizungusha kwenye mwanga na kusoma ukingo wake. Muuza magazeti alimwambia kila asubuhi, "Mzee, hiyo ni halali, ilete tu." Naye alijibu kila asubuhi, "Najua ni halali. Natazama kama ina mtu."

Alikuwa fundi miwani. Duka lake lilikuwa na meza moja, taa moja ya kuinamisha na kijidroo cha skrubu ndogo kama punje za mtama. Ujanani alitaka kuwa askari. Wakamsimamisha mbele ya ubao wa herufi, akasoma mstari wa kwanza, wa pili akaubuni, wakamrudisha nyumbani siku hiyo hiyo. Tangu hapo hakuweza kupishana na mtu mwenye sare bila kumeza mate.

Nishani ya kwanza aliikuta ndani ya kifuko cha miwani ambacho mteja mmoja alikisahau dukani. Alimtafuta mteja huyo miaka miwili, hakumpata. Ukingoni mwa nishani hiyo palichongwa jina, na mjomba akagundua kwamba zipo nchi zinazochonga jina la askari na namba yake kwenye nishani, kwa herufi ndogo zinazohitaji lenzi ya fundi. Hapo ndipo aliponaswa. Aliandikiana barua na watu wa mbali, akabadilishana nao, akanunua minadani, mpaka kabati la chumba cha nyuma likajaa droo kumi na nne: nyota za shaba, misalaba ya rangi, tepe zilizofifia, kutoka nchi thelathini na moja. Alikuwa na majeshi ya dunia nzima, na hakuna hata moja lililomkataa.

Mimi niliingia nyumba hiyo nikiwa na miaka kumi na mmoja, baada ya mama yangu, dada yake, kufariki. Mjomba hakuwa na mke wala mtoto. Alinipa kitanda, sare za shule na kazi moja. Kila nishani ilifungwa kikadi kwa uzi, na vikadi niliviandika mimi, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita. Alininunulia kalamu ya kuchovya na chupa ya wino mweusi unaokaribia buluu.

"Wino huu ni wa kabati," aliniambia. "Hata ukiandikiwa barua na rais, mjibu kwa kalamu nyingine."

Nilitii. Ila nishani zenyewe sikuruhusiwa kuzigusa. Alizishika yeye, kwa glavu za pamba, akanisomea ukingo nami nikaandika. Katika droo ya juu kabisa, peke yao, zilikaa nishani mbili za mtu mmoja, mpiga tarumbeta namba 4417. Mjomba alijua aliandikishwa akiwa na umri gani, alihamishwa mara ngapi, na kwamba aliwahi kuadhibiwa kwa kupiga tarumbeta akiwa amelewa. Siku yangu ya kuzaliwa aliisahau miaka minne mfululizo. Namba 4417 hakuisahau hata homa ilipompanda akawa anaweweseka. Nilimwonea wivu marehemu huyo nisiyemjua sura. Nilipokuwa namwandikia kikadi chake nilibonyeza kalamu kwa nguvu.

Mpiga tarumbeta alipewa nishani tatu. Ya tatu alikuwa nayo daktari wa meno.

Daktari huyu alisoma darasa moja na mjomba, naye alikusanya vilevile. Mjomba alimwita Koleo, yeye alimwita mjomba Macho Manne. Alikuja kwetu kila Jumamosi alasiri, akanywa vikombe vitatu vya chai, akatuudhi.

"Niuzie," mjomba alimwambia.

"Siuzi."

"Tubadilishane. Chagua droo nzima."

"Macho Manne, wewe unazo mbili na hulali. Mimi ninayo moja na nalala fofofo. Nani tajiri?"

Koleo aliitundika nishani ile ukutani kwenye chumba chake cha kazi, mbele ya kiti cha wagonjwa, mahali ambapo mtu aliyeachama kinywa lazima aitazame na hawezi kusema neno. Mjomba alikwenda kule mara tatu kwa mwaka. Safari moja alilalamika gego linamuuma ilhali haliumi. Koleo, ama kwa kuamini ama kwa ukorofi, sijui, akaling'oa. Mjomba alirudi na shavu limevimba, akaketi mezani na kitambaa kinywani.

"Limetoka?" nilimuuliza.

"Limetoka zima, halina tundu hata moja," alisema kwa taabu. "Lakini mama, nimeiona kwa karibu. Utepe wake ni wa asili."

Nilikwenda chuo kusomea utunzaji wa kumbukumbu, nikapata kazi masijala, nikaendelea kuishi kwa mjomba na kuandika vikadi. Nilikuwa na miaka thelathini na sita Koleo alipotangaza kwamba mikono inamtetemeka na anafunga kazi. Jumamosi hiyo aliomba kuona droo moja yetu. Hakutazama nishani. Alisoma vikadi, kimoja baada ya kingine.

"Zangu zimelala ndani ya vijaluba vya vidonge," alisema. "Nikifa leo, hakuna atakayejua ipi ni ya nani. Macho Manne, niazime huyu binti mwezi mmoja aniandikie. Mpiga tarumbeta nakupa."

Nilikuwa nimeshika birika. Sikumimina. Nilitaka mjomba akatae kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote katika nyumba ile, na nilimwona anatazama droo ya juu.

"Mpwa wangu haazimwi," alisema. "Kunywa chai yako uende."

Ningeridhika na hapo. Lakini wiki zilizofuata hakula vizuri. Alifungua droo ya juu, akakaa na zile mbili mapajani, akaifunga. Huruma ikanishika, na ndani ya huruma hiyo, nakiri, kulikuwa na tamaa ya kuwa mimi niliyemletea kile ambacho miaka yote alikitafuta kwa wengine. Nikamwambia mjomba kwamba masijala kuna kazi ya ziada. Kila Jumatano na Ijumaa nikitoka kazini nilikwenda kwa Koleo.

Siku ya kwanza aliniwekea karatasi na kalamu aliyoandikia risiti za wagonjwa.

"Mbona hukuja na ule wino mzuri wa kwa mjomba wako?"

"Ule ni wa kabati," nilimjibu, nikaichukua kalamu ya risiti.

Tulipomaliza aliishusha nishani ukutani mwenyewe. Nilimpelekea mjomba dukani. Alivaa glavu, akaiinua kwenye taa, akazungusha ukingo polepole. Midomo yake ilisoma: nne, nne, moja, saba.

"Ameuza?"

"Amenipa."

"Kwa lipi?"

"Nimemwandikia vikadi."

Aliishusha. "Vingapi?"

"Mia mbili na sita."

"Vyote kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, mjomba."

Alivua glavu kidole kimoja kimoja. Akaitia nishani ndani ya kifuko cha miwani, akakisukuma nyuma kabisa ya kijidroo cha skrubu, akageukia fremu aliyokuwa anaikaza. Nyumbani alichukua chupa ya wino kutoka meza yangu akaifungia kabatini, nami ikabidi niiombe kila nilipotaka kuandika.

Sina budi kusema kweli. Nilipomwona amenuna vile, kuna sehemu yangu iliyoshiba: safari hii wivu ulikuwa wake.

Koleo aliendelea kuja Jumamosi. "Siku hizi kabati langu linasomeka kama kitabu," aliwahi kusema, na mjomba akavunja biskuti vipande vidogo vidogo asile hata kimoja. Mbili zikabaki nyumbani na moja dukani, miaka sita. Niliposafisha duka sikugusa kijidroo kile.

Mwaka jana moyo wake ulichoka, akalazwa wodini, kitanda cha dirishani. Alasiri ya siku ya nne nilimkuta ameamka.

"Kule kwa Koleo," alisema, bila salamu, "uliandika kwa wino upi?"

"Kwa kalamu ya risiti, mjomba."

"Na ule wa kabati?"

"Sikuutoa nyumbani hata siku moja."

Kisha akapapasa meza ya dawa, akapata kifuniko cha chupa, akakisimamisha baina ya vidole na kukizungusha kwenye mwanga wa dirisha. Hakikuwa na mtu. Akakirudisha.

"Basi kamtoe yule mpiga tarumbeta dukani," alisema, "umweke na wenzake. Na kikadi chake umwandikie kwa wino wetu."