Na Wewe, Nani Hukupigia?

Juzi kwenye kituo cha kununulia chai, kule Manga, msichana wa mwaka wa pili chuoni, aliyekuwa na mama yake mbele yangu kwenye foleni, alipigiwa simu, akaiweka kwenye spika, akasema:

“Ule mtihani wa marudio nimepita.”

Aliyempigia, mwanafunzi wa mwaka wa nne anayemwongoza, alipiga nduru hadi karani akaacha kupima majani. Foleni nzima ikashangilia.

Wa mwaka wa kwanza tunawasindikiza kwa maombi, wanaohitimu tunawakodia hema. Wa pili nani huwajulia hali?

Mama wa msichana akaichukua simu. “Asante, mwanangu. Na wewe, nani hukupigia?”

“Hakuna, mama.”

“Basi nitakupigia mimi, kila Jumapili.”

Msichana akaninong’oneza, akitabasamu: “Mimi, binti yake, huniflashi tu ili nimpigie.”