Chumba cha Kupanga, AC ya Kununua

Siku ya kwanza kazini nilipigwa kofi la mkono. Karakana ilikuwa Mlandege, chumba kimoja kimejaa mafriji mabovu, na mie nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha pili nilikiingia lakini sikukitoka. Nikaona bomba la shaba linang'aa, nikalishika. Lilikuwa limetoka kuchomelewa saa ile ile. Kabla sijapiga ukelele, Fundi Mkuu akanipiga mkono ukaachia bomba.

"Una macho ya nini?" akaniuliza. "Mkono wako ndio kipimo chako cha kwanza. Ukiuunguza leo, kesho utapimia nini?"

Sikumwelewa mpaka mwaka ulipokwisha. Yeye alikuwa akiingia chumba cha mtu, hatoi kifaa mfukoni. Anauweka mgongo wa mkono ukutani, anaupeleka juu, anaushusha chini, halafu anasema, "Ukuta huu unapigwa na jua la alasiri. Na pale kwenye kona pana unyevu." Hakosei. Mie leo nakwambieni bila ya haya: kisiwa hiki kizima hakuna anayepima chumba kwa mgongo wa mkono kama mie. Wenye vyeti wapo, vimetundikwa. Nyumba zao zinanuka ukungu.

Nnaandika haya nikiwa na hasira, na sitaki nizifiche. Kila nikipita Darajani nasikia vijana wanauza AC kama wanauza viazi. Mteja anasema chumba kidogo, cha kupanga, ghorofa ya pili. Muuzaji hata haulizi dirisha linaelekea wapi. "Chukua kubwa, mama, itapoza haraka." Mwongo mkubwa! Kazi ya kwanza ya AC katika hewa yetu hii ni kuikausha hewa. Baridi inakuja nyuma yake. Ukiweka mashine kubwa katika chumba kidogo, inapoza kwa dakika chache, inaridhika, inazima. Maji yote yamebaki hewani. Unalala katika baridi iliyorowa, shuka zinanata, baada ya miezi mitatu nyuma ya kabati pameota ukungu mweusi. Halafu mnasema fundi hajui.

Hilo nililijua Kiwengwa, katika hoteli kubwa nilikofanya kazi miaka tisa. Mkubwa wangu pale alikuwa Injinia, mtu wa bara, msomi, mpole, shati limepigwa pasi. Vyumba vya upande wa bustani vilikuwa vinanuka, na wageni wanalalamika kila siku. Injinia akabadilisha mapazia, akabadilisha magodoro, akapaka rangi mara mbili. Mie nikamfuata ofisini.

"Injinia, mashine zimezidi chumba."

"Umepiga hesabu gani?"

"Nimekaa ndani saa moja. Kila dakika tano inazima. Nimeweka mkono ukutani, umerudi na maji."

Akacheka. "Saa moja umekaa kwenye chumba cha mgeni unapapasa ukuta?"

"Naam. Na wewe miezi minne umekaa ofisini unapapasa karatasi."

Ningeweza kufukuzwa. Lakini Injinia alikuwa mtu, Mungu ampe heri popote alipo. Alinipa chumba kimoja nijaribu. Nikatoa mashine ya elfu kumi na nane, nikaweka ya elfu kumi na mbili. Hiyo elfu ni nguvu ya mashine ya kutoa joto, wenyewe wanaiita BTU, na kwa vyumba vyetu hivi vya kulala kwa kawaida inaanzia elfu tisa. Wiki mbili chumba kikawa kikavu kama biskuti. Injinia akaamuru vyumba vyote vya upande ule vibadilishwe, na mie nikapandishwa kuwa fundi kiongozi, juu ya watu wenye diploma. Andikeni hilo.

Nilipotoka Kiwengwa nikafungua kazi yangu mwenyewe mjini, na hapo ndipo nilipokutana na wapangaji. Hotelini unapima chumba tu. Chumba cha kupanga kina na mwenyewe. Hili sikufundishwa na Fundi Mkuu wala Injinia, na kulijua kwangu kumemgharimu mtu mwingine, si mie.

Bi Rukia alikuwa mkunga mstaafu, amekaa Mkunazini miaka ishirini na mbili, vyumba viwili vya juu katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Nusu ya mtaa ule kauzalisha yeye. Mumewe, Mzee Haji, alikuwa amepooza upande mmoja, analala chali mchana kutwa. Joto la kaskazi lilipokuja, mgongo wake ukaanza kutoka vidonda. Daktari akamwambia Bi Rukia waziwazi: mgonjwa huyu awekwe pakavu, pa baridi, ama vidonda vitammaliza. Watoto wao wakachanga, pesa ya AC ikapatikana, na Bi Rukia akanijia.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Wa Darajani wananiambia ninunue ya elfu ishirini na nne. Wewe unasemaje?"

"Nasema wakaweke kwao."

Nikaenda alasiri, saa ile jua linapochoma. Nikakaa kitako karibu na kitanda cha Mzee Haji, tukazungumza mpira, huku mkono wangu uko ukutani. Dari juu sana, ya boriti. Kuta nene, zinachelewa kupata moto na zinachelewa kupoa. Dirisha moja magharibi. Na juu ya mlango matundu ya nakshi ya kupitishia hewa, mazuri kwa macho, lakini ukiwasha AC ni kama kutia maji kwenye pakacha. Nikamwambia Bi Rukia: tutaziba matundu kwa ubao wa ndani, bila ya msumari kugusa nakshi, tuweke pazia zito magharibi, na elfu kumi na mbili itatosha. Ya inveta, ile isiyozimazima, inayopunguza mwendo ikaendelea kukausha polepole, kwa sababu mgonjwa hataki baridi ya ghafla na mita ya umeme haina huruma. Na koili ya nje iwe ya shaba iliyopakwa dawa, maana chumvi ya bahari yetu inakula bati jembamba kama mchwa.

"Kwanza mwenye nyumba kakubali?" nikamuuliza.

"Kakubali kwa mdomo. Miaka ishirini na mbili sisi na yeye ni mdomo."

Mie nikatosheka. Mpumbavu mie, nikatosheka!

Kazi ile sijapata kuifanya tena. Tundu la kupitisha mabomba nililitoboa kwa tindo na nyundo ndogo, siku mbili nzima, kwa sababu ukitia mashine ya kutoboa katika ukuta wa mawe na chokaa unautikisa, na chokaa ya miaka mia inamwagika kama unga. Nikalipa tundu mteremko kuelekea nje ili maji yasirudi ndani. Nikafukia kwa chokaa, si saruji, maana saruji inaubana ukuta usipumue. Sehemu ya nje sikuitundika mbele kwenye uchochoro, ikawapulizia joto majirani na kuwadondoshea maji wanaokwenda msikitini na udhu wao. Niliiweka ua wa ndani, juu ya stendi yenye miguu ya mpira, nikawaomba rukhsa wa chini kwanza. Wiki ya pili vidonda vya Mzee Haji vikaanza kufunga. Bi Rukia alilia mbele yangu, mtu mzima yule.

Mwenye nyumba akaja kutazama. Akasimama katikati ya chumba, akavuta hewa kwa pua.

"Maashaallah, fundi. Hata sauti haina."

Nami nikavimba. Mtu akinisifu kazi, mdomo wangu haushikiki, na hiyo ni ila yangu tangu utoto. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, nimefanya hoteli za Kiwengwa miaka tisa. Nakwambia chumba hiki sasa hata mgeni wa Ulaya atalala, na atarudi mwakani."

Maneno hayo nimeyasema mie. Kwa mdomo wangu, mbele ya mgonjwa aliyelala.

Hata miezi miwili haikufika. Bi Rukia akaja nyumbani kwangu, hakukaa, alisimama mlangoni na buibui lake.

"Ametaka nyumba yake. Anasema anaifanya ya wageni."

"Na AC?"

"Anasema niiache. Kilichopigiliwa ukutani ni cha ukuta."

Wallahi damu ilinipanda kichwani. Nikatoka naye mpaka kwa sheha wa mtaa. Mwenye nyumba akaitwa, akaja na kanzu safi na uso mkavu.

"Sheha, mie sikumwambia atie mashine," akasema. "Kanitobolea ukuta wangu. Nikimsamehe tundu, basi aniachie mashine. Si haki hiyo?"

"Huna haya!" nikamwambia. "Ulikuja ukavuta hewa yake kwa pua zote mbili!"

"Fundi, nyamaza," akasema Sheha. "Hapa si karakana." Akamgeukia Bi Rukia. "Bi, una stakabadhi ya mashine?"

Alikuwa nayo, jina lake juu. Hilo nilimfanyia mie, sikubali stakabadhi isiyo na jina.

"Na mkataba wa nyumba?"

Bi Rukia akamtazama mwenye nyumba. "Mwambie wewe. Mkeo alipojifungua wa kwanza, nilikuomba mkataba?"

Yule bwana akatazama chini. Lakini kutazama chini hakumpi mtu nyumba. Sheha akakata maneno: mashine ni ya Bi Rukia, ataondoka nayo, tundu lizibwe. Nyumba ni ya mwenyewe, na karatasi hakuna, kwa hivyo mwezi mmoja wahame.

Nikaenda kuishusha mwenyewe. Mashine ya kuhama haikatwi mabomba tu kama kuku. Unaiwasha, unafunga valvu ya bomba jembamba kule nje, unaiacha ivute mpaka gesi yote imerudi sehemu ya nje, ndipo unafunga valvu ya bomba nene na kuzima. Gesi inahama na mwenyewe. Kisha nikaziba tundu kwa jiwe na chokaa, nikalisugua mpaka usingejua kama palikuwa na kitu. Mzee Haji alikuwa ananitazama kitandani. Upande mmoja wa mdomo ukafanya kazi, akasema polepole, "Fundi. Unaziba vizuri kuliko unavyotoboa." Nikacheka, na sikuwa na la kucheka.

Walipata vyumba viwili Mtoni, vya matofali ya saruji, chini ya bati. Kabla ya kugusa nyundo nilimwendea mwenye nyumba wa kule na karatasi. Imeandikwa: AC ni ya mpangaji, ataondoka nayo akiondoka, tundu atalifukia, na kodi haitapanda wala hatatolewa kwa ajili yake kabla ya miaka mitatu. Akatia saini, na Sheha wa kule akatia yake. Chumba ni kidogo kuliko cha Mkunazini, lakini bati linatema joto kama jiko, kwa hivyo elfu kumi na mbili ile ile ikakaa sawasawa baada ya kutia dari ya ubao.

Basi nyinyi vijana, mpangaji akikujieni, msimuulize kwanza chumba kina hatua ngapi. Muulizeni karatasi iko wapi. Akisema ni ya mdomo, mwambieni akaiandike, ama anunue feni nzuri na pazia zito, na msimtobolee mtu ukuta. AC ikiwa nzuri sana katika nyumba ya mtu mwingine, umempangia mwenye nyumba mpangaji mwengine. Na mkimaliza kazi, fungeni midomo.

Mie nilistaafu kabla ya umri wa kustaafu, na watu wanadhani ni kiuno. Kiuno kinauma kweli, nimepandisha kompresa ngazi za Mji Mkongwe tangu ujana. Lakini nilistaafu asubuhi moja nikinywa chai, simu mkononi.

"Fundi, habari za siku nyingi? Kile chumba cha Mkunazini, nimeshakipaka rangi. Nataka AC. Nimeita vijana wawili, wote wanataka kutia mashine ya kutoboa, ukuta unamwagika. Hakuna kama wewe."

Hilo la mwisho ni kweli, na alijua litanipata wapi.

"Mie nishastaafu, bwana."

"Tangu lini? Juzi si nimekuona Vuga juu ya ngazi?"

"Tangu sasa hivi."

"Basi nipe kipimo tu, niwaambie hao vijana. Elfu ngapi itatosha?"

"Kipimo kile nilimpimia Mzee Haji," nikamwambia, nikakata.

Vyombo vyangu nimeviuza, isipokuwa tindo. Mara moja kwa mwezi nakwenda Mtoni kuosha chujio la AC, bure, na simruhusu mtu mwingine aliguse. Mgongo wa Mzee Haji umepona, ngozi imefunga. Bi Rukia ananitilia chai, tunakaa. Juzi akaniambia mtaa huu mpya hakuna hata mtu mmoja aliyemzalisha yeye; akipita, watoto hawamwamkii kwa jina. Hakunilaumu. Hajanilaumu hata mara moja, na afadhali angenilaumu.

Baridi nilimrudishia. Mkunazini sikuweza.